Gombo la Derveni katika makumbusho ya Thessaloniki: tathmini ya mtu aliyekwisha kulipia "siri za Wagiriki"

Katika Jumba la Makumbusho ya Akiolojia la Thessaloniki, kaskazini mwa Ugiriki, kuna vipande vya mafunjo vilivyoungua hadi vikawa vyeusi kama makaa. Vimelazwa kati ya vioo, na mtu akiinama na kulipa jicho muda wa kuzoea, huanza kuona safu za herufi nyeusi juu ya weusi wa mafunjo yenyewe. Hayo ni mabaki ya gombo linalojulikana kama papiro ya Derveni, ambalo huhesabiwa kuwa kitabu kikongwe kuliko vyote vinavyosomeka vilivyopatikana Ulaya: gombo lenyewe lilinakiliwa katika karne ya 4 KK, na maneno yaliyomo yalitungwa mapema zaidi, yapata mwishoni mwa karne ya 5 KK, wakati Socrates alipokuwa angali akitembea sokoni Athens. Naandika tathmini hii kwa ajili ya msomaji ambaye, kama mimi, amevutiwa na habari kwamba wanafalsafa wa Ugiriki ya kale walikuwa na elimu ya batini chini ya elimu yao ya dhahiri, na ambaye anajiuliza fedha yake aipeleke wapi ili aikaribie elimu hiyo. Akiweza kufika Thessaloniki, aipeleke kwenye tikiti ya makumbusho haya, na kabla ya hapo atenge jioni kadhaa za kusoma tafsiri ya gombo hili.

Nieleze kwanza kilichonipeleka huko. Mwaka uliopita nililipa shilingi 180,000 kwa kozi moja ya mtandaoni, ambayo sitaitaja jina, iliyoahidi kunipandisha ngazi 7 za hekima iliyofichwa ya Wagiriki. Masomo yalikuja kwa rekodi za sauti, kila usiku wa Alhamisi, na sina budi kukiri kwamba mwalimu alikuwa na sauti ya kutuliza na Kiswahili kizuri. Tulifundishwa kuvuta pumzi, kuwasha mshumaa, na kurudia maneno ambayo tuliambiwa yalitoka katika shule ya Pythagoras. Nilipouliza maneno hayo yameandikwa wapi, nilijibiwa kwamba mwanafunzi wa ngazi ya 2 haulizi, anapokea; mlango wa maswali hufunguliwa ngazi ya 5, na ngazi ya 5 ina malipo yake. Nilifika ngazi ya 3, nikasimama. Sikukasirikia mshumaa wala pumzi. Kilichonikereketa ni ule usemi kwamba kuuliza ni dalili ya kutoiva, kwa sababu kidogo nilichokuwa nimekisoma kuhusu Wagiriki hao hakikuonyesha kwamba waliamini hivyo.

Mdogo wangu wa kike anasoma katika Chuo Kikuu cha Aristotle cha Thessaloniki, na ndiye aliyenieleza kwamba katika mji wake kuna kitabu cha Kigiriki kilichochomwa pamoja na maiti na kikasalimika. Alinipokea kwa shikamoo na, kabla sijamaliza kuitikia marahaba, akaniuliza kama nimekuja kumtembelea yeye au kutembelea majivu. Nilikuwa nimekuja kwa vyote viwili. Asubuhi iliyofuata tulitembea kutoka Mnara Mweupe ulio ufukweni, mwendo wa dakika chache tu, hadi kwenye jumba hilo, ambalo ni kazi ya msanifu majengo Patroklos Karantinos na lilifunguliwa mwaka 1962. Huo ndio mwaka lilipopatikana gombo, na nimekuwa nikiliwazia jambo hilo tangu hapo: kana kwamba nyumba ilikuwa ikijengwa kwa ajili ya mgeni ambaye hakuna aliyejua kwamba yuko njiani.

Habari ya kupatikana kwake inafaa msomaji aijue kabla ya kuingia, kwa kuwa bila hiyo ataona vipande vyeusi na kupita. Mwezi Januari 1962, wafanyakazi waliokuwa wakipanua barabara katika njia ya mlimani iitwayo Derveni, kaskazini mwa Thessaloniki, waligundua makaburi ya Wamakedonia matajiri wa zama za kale. Juu ya mawe yaliyofunika kaburi lililopewa alama ya A kulikuwa na mabaki ya moto wa mazishi, na ndani ya mabaki hayo likaonekana donge jeusi lililofanana na kipande cha ukuni. Halikuwa ukuni. Lilikuwa ni gombo lililotupwa motoni pamoja na marehemu, likaungua upande wa chini na kubaki mkaa upande wa juu. Mafunjo hudumu Misri kwa sababu ya ukavu wa jangwa, ilhali katika ardhi yenye unyevu ya Ugiriki huoza yakaisha. Gombo hili lilidumu kwa sababu moto ulilikausha hata kuvu na wadudu wasione cha kula. Kilichokusudiwa kuliangamiza ndicho kilicholihifadhi kwa zaidi ya miaka 2,300.

Mtaalamu wa kuhifadhi mafunjo, Anton Fackelmann, aliletwa kutoka Maktaba ya Taifa ya Austria huko Vienna, naye akalibandua ganda moja baada ya jingine. Fikiria kufungua jani la mgomba lililokauka na kuungua, lililokunjwa mara nyingi, ambalo likiguswa vibaya huwa unga. Vilipatikana vipande zaidi ya 200, vingine vidogo kama ukucha, na kazi ya kuvipanga ilichukua miongo kadhaa, hivi kwamba toleo kamili la maandishi yake lilitoka mwaka 2006 tu. Safu 26 za maandishi zimeunganishwa, ila kila safu imekatika chini, kwa hiyo msomaji hufuata wazo hadi ukingoni na kuliona likitumbukia gizani, kisha hulidaka tena juu ya safu inayofuata likiwa limekwisha kusonga mbele. Mwaka 2015 UNESCO iliingiza gombo hili katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia, na lilikuwa andiko la kwanza kutoka Ugiriki kuingia humo.

Tulisimama mbele ya vipande hivyo kwa muda mrefu. Mdogo wangu, ambaye amezisoma herufi za Kigiriki cha leo miaka mitatu, aliinama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu juu ya kioo, akaufuta kwa kiganja na kuomba radhi kwa hewa tupu. "Kaka, hiki ndicho kitabu chenyewe?" akaniuliza. Nilimwambia ndicho. Kimo cha kipande kilichokuwa mbele yetu hakikuzidi upana wa kiganja cha mtu mzima. Herufi ni ndogo, za mkono uliotulia, zimesimama moja moja bila kuungana na bila nafasi kati ya neno na neno, kama desturi ya waandishi wa wakati ule. Alizifuata kwa kidole angani, akikosea na kurudi, hata akasimama. "Zeus," akasema, na sauti yake ilishuka kama ya mtu aliyeitwa jina lake katika mji wa ugeni.

Je, kitabu chenyewe kinasema nini? Mwandishi wake hajulikani, ingawa majina kadhaa yametajwa na wataalamu. Safu za mwanzo zinahusu ibada: roho za wafu, miungu ya kisasi iitwayo Erinyes, kafara na sadaka za vinywaji, na mikate yenye vitovu vingi inayotolewa kwa hesabu isiyo na kikomo kwa sababu, anasema, roho nazo hazina idadi. Humo ananukuliwa Heraclitus wa Ephesus, yule mwanafalsafa aliyeitwa mwenye giza kwa ugumu wa maneno yake, akisema kwamba jua halivuki mipaka yake, na likivuka Erinyes watalinasa. Kisha mwandishi anaingia katika kazi yake kubwa, nayo ni kufafanua shairi lililonasibishwa na Orpheus, mwimbaji wa visasili ambaye ibada nyingi za siri zilidai kuanzishwa naye.

Shairi hilo ni la kutisha likichukuliwa kwa dhahiri yake. Zeus, mfalme wa miungu, anapokea utawala kutoka kwa baba yake Kronos kwa nguvu, anashauriana na Usiku pangoni, anameza kilichokuwa kabla yake, na ulimwengu wote unazaliwa upya kutoka ndani mwake. Mwandishi wetu anasema wazi kwamba Orpheus hakukusudia masimulizi ya ugomvi wa familia. Alisema mambo makubwa kwa mafumbo, na ndiyo maana tangu mwanzo aliwaamuru watu wafunge milango ya masikio yao, kwa kuwa hakuwa akitunga sheria kwa ajili ya watu wote. Waswahili tungesema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua, na katika safu zinazofuata tunamwona mwerevu huyo akifanya kazi, neno kwa neno, mstari kwa mstari. Zeus, anaeleza, ni hewa, na hewa hiyo ni Akili inayotawala vitu vyote. Jina la Kronos analipasua vipande viwili, kugonga na akili, akidai kwamba ndiyo Akili iliyovifanya vitu vigongane na kutengana hadi ulimwengu ukapata umbo. Demeter, mungu wa kike wa mazao, ni Mama Ardhi. Bahari ile kuu izungukayo dunia nayo ni hewa. Mtu aliyesoma habari za Anaxagoras wa Clazomenae, aliyefundisha kwamba Akili ndiyo iliyoanzisha mzunguko wa vitu vyote, atatambua mara moja ni chemchemi ipi mwandishi huyu alikunywa.

Hapa ndipo nilipoona thamani ya safari nzima. Kwa miaka mingi nimesikia watu wakisema kwamba falsafa ya Wagiriki ilianza siku walipoacha visasili na kushika akili, kana kwamba ni mtu aliyevua kanzu na kuvaa suruali. Gombo hili linaonyesha watu waliovaa vyote viwili kwa pamoja. Huyu ni mtu wa ibada, anayejua sadaka humwagwaje na mikate huokwaje, na papo hapo ni mwanafunzi wa elimu ya maumbile iliyokuwa mpya kabisa siku zake. Naye haoni ugomvi kati ya mambo hayo, kwa sababu kwake fumbo la kuhani na hoja ya mwanafalsafa zinazungumzia kitu kimoja. Batini aliyoitafuta haikuwa uchawi. Ilikuwa ni maelezo ya jinsi ulimwengu ulivyotokea.

Kisha inakuja safu ya 20, ambayo niliisoma kwa tafsiri usiku ule tukiwa mezani kwa mdogo wangu, nikainuka na kuzunguka chumba. Mwandishi anaacha shairi kwa muda na kuwageukia watu wa zama zake wanaoingizwa katika siri. Wale wanaoshiriki ibada za hadhara mijini, anasema, hawamshangazi sana wakitoka bila kuelewa, kwa maana haiwezekani mtu asikie na ajifunze kwa wakati mmoja. Wanaomshangaza na kumtia huruma ni wale wanaokwenda kwa mtu aliyeifanya ibada takatifu kuwa kazi yake ya kumpatia riziki. Anashangaa kwa kuwa kabla ya kuingia walitumaini kujua, na baada ya kuingia wanaondoka kabla ya kujua, wala hawaulizi hata swali moja, kana kwamba wameelewa kitu katika waliyoyaona na kuyasikia. Anawahurumia kwa kuwa haikutosha fedha yao kutangulia. Wanaondoka wakiwa wamepokonywa hata akili waliyokuja nayo.

Maneno hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, yakachomwa na maiti, yakafukiwa, yakachimbuliwa na watengeneza barabara, na yakanieleza mimi, mtu wa Tanga, jinsi nilivyotumia shilingi 180,000. Mdogo wangu aliponiona nimesimama alidhani nimepata habari mbaya kutoka nyumbani.

Sitaki msomaji anielewe kwamba hapakuwa na siri yoyote kwa Wagiriki, kwani ilikuwepo na ilichukuliwa kwa uzito. Ibada za Eleusis, karibu na Athens, zilidumu kwa karne nyingi bila mtu kuandika waziwazi kilichoonyeshwa ndani ya ukumbi usiku ule mtukufu, na mwaka 415 KK Athens nzima ilitikisika kwa tuhuma kwamba mwanasiasa Alcibiades na wenzake waliziigiza nyumbani kwa mzaha. Wafuasi wa Pythagoras walisimuliwa kuwa walipitia miaka mitano ya ukimya, na walikuwa na maagizo mafupi yaliyoitwa yaliyosikika, kama vile kutokula maharage na kutochokoa moto kwa kisu, ambayo wafafanuzi wa baadaye waliyapa maana ya ndani: usimchochee kwa maneno makali mtu ambaye amekwisha kuwaka hasira. Mwanafalsafa Porphyry anasimulia kwamba wanafunzi watatu wa mwanafalsafa Ammonius huko Alexandria, mmoja wao akiwa Plotinus, aliyekuja kuwa mwalimu wa Porphyry, waliapizana wasifichue mafundisho ya mwalimu wao, na kwamba Plotinus alikuwa wa mwisho kuanza kuyaandika baada ya wenzake kuvunja ahadi.

Lakini tazama siri hizo zilivyolindwa na kwa nini. Plato, katika mazungumzo yake yaitwayo Phaedrus, anasimulia habari ya mfalme wa Misri aliyekataa kusifu maandishi, akisema yatawajaza watu sura ya hekima bila hekima yenyewe, maana andiko ukiliuliza hurudia neno lile lile. Katika barua ya saba inayobeba jina lake, ambayo wataalamu wanabishana kama ni ya mkono wake au la, imeandikwa kwamba jambo lile kubwa kuliko yote haliwezi kuwekwa kwenye maneno kama masomo mengine. Huzaliwa rohoni ghafla, baada ya kukaa nalo na kuishi nalo muda mrefu pamoja na wenzako, kama mwanga unaowashwa na cheche iliyoruka. Ndivyo Aristotle naye alivyotaja mafundisho ya Plato yasiyoandikwa. Mlango ulifungwa kwa sababu kuuliza na kujibizana kulihitaji watu wawili walio hai, na anayezuia swali anakuwa amekizuia kitu chenyewe. Tena Plato hakuwa na subira na wachuuzi. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri anawataja makuhani ombaomba na waaguzi wanaobisha milango ya matajiri wakiwa na rundo la vitabu vya Musaeus, mshairi mwingine wa visasili, na vya Orpheus, wakiahidi kuwasafisha makosa yao kwa kafara na michezo ya kupendeza.

Sisi tuliokulia pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba kuna elimu isiyosemwa barazani. Mambo ya unyago hubaki kwa kungwi na mwari, na mtu mzima mwenye haya hayachokonoi. Hata hivyo, kungwi anayestahili jina hilo hamwimbii mwari mizungu usiku kucha na kumwacha aende zake bila kumfumbulia. Kazi yake ndiyo hiyo ya kufumbua, na mwari asiyeelewa hurudiwa mpaka aelewe. Nafikiri mwandishi wa gombo la Derveni angemkubali kungwi huyo kama mwenzake wa kazi.

Nikirudi kwenye kozi yangu, niliporudi nyumbani niliyakagua madai yake matatu makubwa kwa utulivu. La kwanza lilikuwa kwamba maneno kama juu, ndivyo chini yalichongwa mlangoni mwa shule ya Pythagoras. Maneno hayo yanatoka katika andiko fupi liitwalo Lauhi ya Zumaridi, na matini yake ya zamani kuliko zote inayojulikana ni ya Kiarabu, ndani ya kitabu kilichokamilika karne nyingi baada ya Pythagoras kufa. La pili lilikuwa kwamba Plato alijifunza kwa Hermes Trismegistus, mwenye hekima wa visasili. Maandiko yaliyobeba jina la Hermes huyo yaliandikwa kwa Kigiriki huko Misri katika karne za mwanzo BK. Ulimwengu wa Ulaya uliyaona ya kale kuliko Plato tangu mwanafalsafa wa Italia Marsilio Ficino alipoyatafsiri kwa Kilatini mwaka 1463, hadi mwanazuoni Isaac Casaubon alipoonyesha mwaka 1614, kwa kuchunguza lugha yake, kwamba ni ya baadaye. La tatu lilikuwa kwamba kipo kitabu cha siri cha mkono wa Pythagoras mwenyewe. Pythagoras hakuacha kitabu chochote. Maandiko ya Hermes yenyewe ni mazuri na nayasoma kwa furaha, na Lauhi ya Zumaridi ni sehemu ya urithi wa lugha iliyotupa sisi maneno dhahiri, batini na hata falsafa, neno ambalo Waarabu walilipokea kwa Wagiriki na kutuletea hadi pwani. Nisilolikubali ni kuuziwa kitu cha karne hii kwa nasaba ya karne ile.

Kabla ya kutoka, msomaji asipite bila kuusimamia mtungi wa Derveni, uliotoka katika kaburi B. Ni chombo cha kuchanganyia mvinyo chenye kimo cha sentimita 90 hivi na uzito wa kilo 40, kinachong'aa kama dhahabu ilhali hakina dhahabu. Mng'ao huo ni wa shaba iliyochanganywa na bati kwa wingi. Ubavuni, Dionysus, mungu wa mvinyo, amekaa uchi, mguu wake mmoja umewekwa kwa raha juu ya paja la mkewe Ariadne, naye anafungua shela yake. Kuwazunguka, wanawake waliopandwa na wazimu wa mungu huyo wanacheza hadi mmoja anaanguka mapajani mwa mwenzake, na mwanamume mwenye kiatu mguu mmoja anapita kwa vishindo. Mtungi huu, ambao kwenye meza ya karamu ungejaa mvinyo, ulibeba mifupa ya waliochomwa. Ukiutazama baada ya gombo, unaelewa kwamba watu wa makaburi haya waliyaamini mambo ya Orpheus na Dionysus hadi mwisho wa safari, na kwamba kitabu kile kilichotupwa motoni huenda hakikutupwa kama takataka. Niliuzunguka mara nne.

Kwa upande wa huduma, nilipata utulivu niliouhitaji. Maelezo ya vitu yako kwa Kigiriki na Kiingereza, kwa hiyo asiyesoma lugha hizo aende na mtu wa kumsomea, kama nilivyofanya mimi. Ukumbi wenye hazina za Makedonia, dhahabu na majani ya taji yaliyofuliwa kwa wembamba wa kushangaza, huwavuta wageni wengi na kuwapa haraka, jambo ambalo linamfaa mtu wa gombo, kwa maana huachiwa kona yake. Asiyejiandaa, nakiri, ataondoka baada ya dakika mbili akisema ameona majivu. Wala sitamshauri mtu asafiri kutoka Mombasa au Muscat kwa ajili ya vipande hivi peke yake kama hajawahi kukisoma kilichomo. Tafsiri zipo kwa lugha kadhaa za Ulaya, na safu 26 zilizokatika husomwa kwa jioni mbili. Asome kwanza, aandike kila asichokielewa, kisha aende. Atenge asubuhi nzima, aanze na gombo macho yakiwa mapya, amalizie na mtungi.

Daftari langu lilikuwa na maswali 11. Mdogo wangu alilichukua kesho yake hadi chuoni kwa mwalimu wake wa Kigiriki cha kale, bibi mmoja wa makamo ambaye, kwa maelezo yake, alivua miwani, akayasoma yote palepale koridoni, na kumwambia akae chini. Manne alimjibu siku ile ile. Kwa mawili alisema wataalamu wenyewe bado wanabishana, akamchorea pande zote mbili za ubishi huo nyuma ya ukurasa. Yaliyobaki aliomba aachiwe hadi Jumatatu.